Majambazi, nyoka na maji yaliyotulia: hofu za matembezi ya familia kandokando ya Nairobi

Nilipomwambia shosho, yaani nyanya yangu, kwamba Jumamosi tunawapeleka watoto kutembea vilima vya Ngong, aliuliza tunaenda kuchukua nini huko. Hakuna, tunatembea tu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Mtapanda kilima, mteremke, mrudi mikono mitupu?" Yeye alipanda vilima vya Murang'a ujana wake wote, na hakuna siku aliyorudi bila mzigo wa kuni mgongoni. Sikuwa na jibu la maana.

Swali la shosho angalau lilikuwa la haki. Yaliyofuata kutoka kwa majirani, na kwenye kundi la wazazi wa shule, yalikuwa maonyo, na mengi yaliogopa kisichostahili kuogopwa huku yakipita kando ya kile kinachoua.

"Karura kumejaa majambazi"

Uvumi huu haufi kwa sababu zamani ulikuwa kweli. Katika miaka ya 1980 na 1990, mtu mwenye akili zake hakuingia msitu wa Karura, ulio ndani ya Nairobi, peke yake. Magari yaliyoibwa yalitelekezwa humo, na si magari tu. Kisha wakaja wanyakuzi waliovaa suti, viwanja vikagawanywa kwenye karatasi, na mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, wakaenda kupanda miche ardhi hiyohiyo iliyokwisha kugawiwa watu. Januari 1999 walishambuliwa langoni, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu ulibaki. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mabadiliko ya usalama yalikuja baadaye, pale wananchi walipoungana na Huduma ya Misitu ya Kenya, uzio wa umeme ukazungushwa na walinzi wakawekwa. Leo ni hekta 1,041 zenye njia zaidi ya kilomita 50, maporomoko ya maji, mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, na siku za wikendi utakuta akina mama wakisukuma vigari vya watoto. Shida ninayoiona mimi humo ni kupotea. Njia zinafanana, mtoto amechoka, simu imeisha chaji. Makutano yana vibao vya namba. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kuziandika kila mnapopita. Anajiona askari, nanyi mnajua mlikotoka. Lango hufungwa jioni, kwa hiyo msianze mzunguko mrefu saa kumi.

"Ukipiga kelele nyoka wote hukimbia"

Wengi, ndiyo. Nyoka huhisi mtikisiko wa ardhi, na akipata nafasi huondoka kabla hujamwona. Ila kifutu, yule mnene mwenye madoa kama majani makavu, hana haraka. Anatulia palepale akitegemea rangi yake imfiche, na huuma anapokanyagwa. Kwa hiyo watoto wabaki kwenye njia, wavae viatu vilivyofunga vidole, na mikono isiingizwe chini ya gogo wala kati ya mawe ambapo jicho halijafika.

Kibaya zaidi ni yale ambayo watu wameambiwa wafanye mtu akishaumwa: kuchanja, kunyonya sumu kwa mdomo, kufunga kamba kwa nguvu, kubandika lile jiwe jeusi. Kuchanja huongeza kidonda, kamba inaweza kuua mguu mzima, na jiwe halivuti sumu. Vua viatu, saa na bangili kabla uvimbe haujaanza, mtoto abebwe asitembee, kiungo kisichezechezwe, na muda wote uliobaki uutumie kufika hospitali.

Pamoja na hayo yote, katika matembezi yetu karibu thelathini nimemwona nyoka mmoja tu, naye alikuwa anaenda zake.

"Kumpa kima ndizi ni huruma"

Kima aliyezoea ndizi ya mgeni atampokonya mgeni wa kesho, na huyo mgeni huenda ana miaka minne. Chakula kikae kwenye mfuko uliofungwa. Kima akimuuma au kumkwaruza mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha muone daktari siku hiyohiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

"Tuko ikweta, sweta ya nini?"

Hapa kosa lilikuwa langu mwenyewe. Julai moja nilimpandisha binti yangu Ngong akiwa na fulana ya mikono mifupi, maana tulipotoka nyumbani jua lilikuwa limechomoza vizuri. Tulipofika mgongo wa kilima, ukungu ulitufunika na upepo ukamtetemesha hadi meno yakagongana. Nikavua koti langu nikamfunika, kisha nikatetemeka mimi.

Kilele cha Ngong kiko karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka takriban digrii 6, na hapo hujaongeza upepo. Na upepo wa Ngong si wa kubahatisha: mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimikwa pale mwaka 1993, na leo safu nzima ina vinu vyeupe ambavyo watoto huviona tangu wakiwa barabarani. Mwisho wa safu hiyo pameitwa Kona Baridi. Waliopaita hivyo walitupa onyo tosha.

Ajabu ni kwamba baridi ileile haizuii jua kuchoma. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na mawingu mepesi huipitisha. Mtoto anaweza kurudi nyumbani ametetemeka na shingo imebabuka siku moja. Kofia pana na sweta, vyote viwili, kwenye mfuko mmoja.

Na hakuna aliyewalazimisha kumaliza vilima vyote. Wanaume hasa wana ugonjwa huu wa kuhesabu vilele, kana kwamba kuna hesabu itakayokaguliwa. Kutoka upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi ni kupanda na kushuka tena na tena, na kwa miguu ya miaka sita hayo ni mateso. Pandeni kilima cha kwanza na cha pili, mle chapati mkitazama Bonde la Ufa, mrudi. Mkitaka kwenda mbele zaidi, ombeni askari wa misitu awasindikize.

"Bwawa ni kama bwawa la kuogelea, tu ni kubwa"

Lugha yetu ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Neno ni moja, na mtoto aliyefundishwa kuogelea mjini anadhani hili nalo lina upande wa kina kifupi.

Twende bwawa la Ndakaini. Ni mwendo wa gari kupitia Thika, kisha unapanda katikati ya mashamba ya chai ya Murang'a hadi maji yanapojitokeza ghafla kati ya vilima. Hapa mito ya Thika, Githika na Kayuyu, inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua, ilizuiwa kwa ukuta wa udongo wenye urefu wa zaidi ya mita 60 kwenda juu. Kazi ilikamilika mwaka 1994, na bwawa likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Jiandikisheni langoni, fuateni njia, na hamtapata matembezi mazuri kuliko haya: ubaridi, ndege wa majini, harufu ya chai.

Lakini kumbuka pale chini palikuwa bonde. Ukingo unaoonekana leo ni ubavu wa kilima uliofunikwa maji, kwa hiyo hatua moja yaweza kuwa magotini na ya pili isipate kitu. Kiangazi maji yakishuka huacha tope ambalo juu limekauka na chini ni uji. Na maji ya mwinuko huo ni ya baridi: anayetumbukia ghafla huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini, anachovuta ni maji. Hata mwogeleaji hodari.

Wazazi wengi wanaamini mtoto akizama watamsikia. Hawatamsikia. Anayezama hana pumzi ya kupigia kelele wala mkono wa kupungia. Anazama kimyakimya, nyuma ya mgongo wa mtu anayepiga picha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo kando ya maji mdogo anashikwa mkono, na mtu mzima mmoja anabaki na kazi ya kuangalia tu, bila simu. Mtu akiingia majini, usimrukie. Mtupie kamba, leso, tawi, au mtungi mtupu uliofungwa kifuniko, maana huo unaelea.

Nimesikia pia kwamba maji haya yanatoka Mlima Kenya na ni safi kuyanywa yalivyo. Yote mawili si kweli. Asili yake ni Nyandarua, na kabla hayajafika Nairobi hupitishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu kusafishwa, kisha hushuka hadi matangi ya Gigiri, jirani kabisa na Karura. Mwanangu mdogo alipoona yanavyong'aa alitaka kuyachota kwa kiganja. Nikampa chupa tuliyoijaza mferejini asubuhi ile nyumbani. Alikunywa nusu, akaitazama, akatazama bwawa, na kabla sijamzuia akamwaga iliyobaki ukingoni. "Yamefika kwao," akasema.