Masta ya sera za umma: unasoma nini hasa, na Dodoma inakusaidiaje

Udahili ukifunguliwa tu meseji zinaanza, "kaka, hii masta ya sera za umma ni siasa au ni utawala?" na wengi wanaouliza ni walimu, maafisa maendeleo ya jamii, watu wa mipango huko halmashauri, wana digrii ya kwanza na wanataka kusogea. Kazi yangu ndo hii ya kuchambua sera, na tasnifu za wanafunzi hapa Dodoma zinapita sana mikononi mwangu, kwa hiyo najibu kwa urefu leo halafu wengine ntawatumia linki.

Kwanza tuliondoe hili: sera haipitishwi bungeni. Nalikuta kwenye maandiko ya watu wazima kabisa, "sera iliyopitishwa na Bunge". Sera inaandikwa wizarani, waraka wake unapita kwenye kamati ya makatibu wakuu, halafu Baraza la Mawaziri ndo linaidhinisha. Bunge linatunga sheria na linapitisha bajeti. Ndo maana inawezekana kabisa kuwa na sera imeandikwa vizuri, ina kava zuri na dibaji ya waziri, lakini haina sheria nyuma yake wala kifungu cha bajeti, ipo kabatini tu.

Sasa unasoma nini. Uchumi wa sekta ya umma upo, takwimu zipo (watu wa sanaa hapa ndo wanalia, ila inawezekana), ufuatiliaji na tathmini, mbinu za utafiti, halafu tasnifu. Ila kiini chake ni tabia ya kuuliza hela au agizo limekatikia wapi, kati ya waraka wa juu na mtu wa chini.

Chukua kapitesheni, ile ruzuku ya kuendesha shule. MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza 2002, ada ya shule za msingi ikiwa imeshafutwa, kila mwanafunzi alipangiwa dola 10 kwa mwaka, na enzi hizo dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi elfu moja hivi, ndo ikawa 10,000. Ikaja elimu bila malipo 2016, michango ya lazima ikapigwa marufuku, lakini kiwango kikabaki palepale, 10,000 kwa msingi na 25,000 kwa sekondari, na kwa upande wa msingi 4,000 ikawa inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Piga hesabu ya shule yenye watoto 400: ni 2,400,000 kwa mwaka, yaani laki mbili kwa mwezi, humo utoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo mdogo na umeme kama upo, mlinzi bado hujamgusa. Haya nenda kashule ka watoto 120 huko ndani Chemba, hapo ni 60,000 kwa mwezi, na mlango uliovunjika haujui kwamba shule ni ndogo, fundi bei yake ni ileile.

Kijiweni utasikia majibu mawili, serikali haitoi hela, au walimu wakuu wanakula. Mtu wa sera anaona kingine kabisa, kwamba hakuna kikao kilichokaa kikaamua kupunguza ruzuku, imejipunguza yenyewe kwa sababu hakuna aliyeifunga na mfumuko wa bei, na elfu kumi ya 2002 na elfu kumi ya leo ni hela mbili tofauti. Halafu anaendelea kuuliza, je pengo kalibeba nani? Kalibeba mwalimu mkuu, akakaa na kamati ya shule na wazazi, wakakubaliana mchango "wa hiari" wa chakula na mlinzi, na hiyo hiari kila mtu kijijini anaijua ikoje. Michael Lipsky, Mmarekani, aliliandika hili tangu 1980, kwamba mtumishi wa mwisho kabisa, mwalimu, nesi, polisi, ndo anayetengeneza sera yenyewe kwa maamuzi yake ya kila siku. Kwetu muongeze na mtendaji wa kata.

Na usiishie kulalamika, lazima uje na machaguo. Tupandishe kwa wote? Au tuweke kiwango cha chini kwa kila shule halafu ndo tuongeze kwa kichwa, ili ile ya Chemba ipumue? Mi naegemea hili la pili, ila uje na gharama zake na useme nani atapoteza, maana shule kubwa za mjini hazitafurahi na zina sauti.

Sasa lile swali la utawala: ukitaka kuendesha ofisi, rasilimali watu na mambo ya menejimenti, soma utawala wa umma, Chuo Kikuu Mzumbe wako na uzoefu mrefu huko.

Faida ya kusomea Dodoma ni kwamba karatasi ziko karibu. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) iko hapa tangu 2007, Chuo cha Mipango kipo, Hombolo kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, NBS, ofisi ya taifa ya takwimu, makao makuu yapo hapa, wizara ziko Mtumba, mji wa serikali. Aprili ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zinawekwa mezani na Bunge la bajeti linaanza hadi Juni, ukifuata utaratibu unakaa viti vya wageni unasikiliza waziri anavyotetea fungu lake (kodi za gesti kipindi hicho usiniulize).

Kuhusu cheo, mtumishi mwenzangu, kasome muundo wa utumishi wa kada yako kabla hujalipa ada. Kuna kada masta haikupandishi daraja hata kidogo, usije ukamlaumu mtu.

Tasnifu nayo, tafadhali achaneni na "Changamoto za utekelezaji wa sera ya fulani katika wilaya ya fulani". Majibu yake tunayajua kabla hujaenda: bajeti finyu, uhaba wa watumishi, uelewa mdogo wa jamii. Chukua uamuzi mmoja, ufuate ulikopita. Na barua ya kibali cha utafiti anza mapema, maana ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ndo ishuke kwa mtendaji wa kata au mwalimu mkuu, na kila meza ina siku zake. Kama data yako iko shuleni usianze kuomba Novemba, barua itatoka Desemba na shule zimefungwa.