Susu hupimwa kutoka darini

Mteja wangu wa kwanza wa susu, kile kitanda cha mtoto cha kuning'inia, alinirudishia kazi baada ya siku nane. Alikuwa bibi wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, binti yake ametoka kujifungua, na mimi nilikuwa nimejitahidi kuliko kawaida yangu. Mbao za mbambakofi zilizokauka vizuri, vitakizo, mbao za kichwani na miguuni, nimevichonga maua, mifumbati ya ubavuni nimeipiga msasa hadi mkono unateleza. Susu lenyewe lilining'inia kwenye stendi fupi, kwa vyuma viwili vya shaba nilivyovifungia juu kidogo tu ya kichwa cha mtoto. Likaletwa karakanani kwa mkokoteni, na bibi nyuma yake.

"Fundi, mwanangu," akasema, "mikono yako Mungu aibariki, kazi nzuri. Lakini hili si susu. Umenitengezea ungo. Mjukuu wangu anapepetwa."

Sikuelewa mpaka alipoondoka. Nikalisukuma kwa kidole, nikatazama saa. Lilikwenda na kurudi kila sekunde moja na kidogo, yaani mara hamsini na kitu kwa dakika. Nikatia ndani mfuko wa mchanga wa kilo 4, nikifikiri uzito utalituliza. Halikutulia. Nikalisukuma kwa upole zaidi. Likayumba kwa hatua fupi zaidi, lakini haraka ileile.

Aibu yenyewe ni kwamba jibu lilikuwa limetundikwa ukutani tangu siku ya kwanza niliyoshika randa. Kila fundi ana timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi mwishoni. Ukiiteremsha kwa uzi mrefu kutoka darini, unasubiri hadi unachoka kabla haijatulia, inakwenda taratibu kama mzee anayetoka msikitini. Ukifupisha uzi, inatetemeka. Ukibadilisha risasi nyepesi kwa nzito, mwendo haubadiliki. Susu ni timazi iliyolaliwa na mtoto, basi. Kinachoamua mwendo wake ni urefu kutoka pale kamba inapogeukia hadi pale uzito unapokaa. Mkono wa mama hauamui, wala kilo za mtoto, alimradi usiyumbishe kwa kupita kiasi.

Hesabu yake ni nyepesi kukariri. Sentimita 25 hukupa sekunde 1 kwenda na kurudi. Mita 1 hukupa sekunde 2. Ukitaka sekunde 3 unahitaji mita 2 na robo. Angalia inavyopanda: mwendo ukitaka uwe wa polepole mara mbili, urefu unauzidisha mara nne; ukitaka mara tatu, unauzidisha mara tisa. Ndiyo maana kuongeza sentimita tano kwenye stendi fupi hakusaidii kitu. Mholanzi Christiaan Huygens aliitumia kanuni hiyohiyo alipobuni saa ya timazi mwaka 1656, na zile saa ndefu za kusimama zinazopiga sekunde moja kila upande zina timazi ya karibu mita moja. Hesabu hii ni ya uzi na jiwe. Susu lina upana, kwa hiyo huwa linakwenda polepole kidogo kuliko hesabu inavyosema, hasa likiwa limefungwa karibu.

Basi siku hizi mtu akija kuniagizia, swali langu la kwanza si mbao gani wala nakshi gani. Namuuliza dari yake iko juu kiasi gani, na ni ya nini.

Nyumba za mawe za hapa Lamu zilijengwa kana kwamba waliozijenga walikuwa na masusu akilini. Dari ni ndefu, na boriti za mkoko zimelala wazi, unazihesabu ukiwa umelala. Boriti ndizo zilizofanya vyumba vyetu kuwa vyembamba na virefu: mti wa mkoko hauna urefu wa kuvusha ukumbi mpana, kwa hiyo chumba huishia mita 3 hivi upana, halafu kinarefuka upande wa pili unavyotaka. Fundi wa susu lazima aufikirie wembamba huo. Kamba ya mita 2 na robo ikiyumba digrii 10 tu, susu husogea karibu sentimita 39 kila upande. Likielekea ukuta ulio karibu, utasikia mlio kabla hujamsikia mtoto. Mimi hufunga kulabu zote mbili, ya kichwani na ya miguuni, kwenye boriti moja. Boriti imelala kukata upana wa chumba, hivyo susu linalala upande huohuo, na kuyumba kwake kunaelekea urefu wa chumba, ambako nafasi ipo.

Kabla ya kufunga lolote, boriti huigonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Nyingi ni za zamani, za enzi ambazo mikoko yetu ilikuwa inapakiwa majahazini kwenda Uarabuni, kabla serikali haijapiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Ngumu kweli, lakini mdudu haulizi umri. Ikilia kama ngoma iliyolegea, naitafuta nyingine. Ikilia vizuri, naning'inia mwenyewe kwa mikono miwili, kilo 80 na ushei, wenye nyumba wakicheka.

Hawacheki bure, maana kuyumba kwenyewe hakuongezi mzigo sana. Susu linaloyumba digrii 20, ambazo tayari ni nyingi mno, huzidishia kamba uzito kwa asilimia 12 tu linapopita katikati. Ninayemwogopa ni kaka mtu wa miaka sita, atakayepanda aone mdogo wake analala wapi. Kulabu, pete na fundo navipima kwa ajili ya huyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mafundi wenzangu hubishana nami. Susu lina pembe nne, na wengi hufunga kamba nne zinazopanda wima, kila moja na kulabu yake. Wanasema hivyo susu hubaki limenyooka hata likiyumba, na ni kweli, hubaki limenyooka. Lakini weka bilauri ya maji ndani yake ulisukume. Maji yanapanda upande mmoja, yanarudi, mwishowe yanamwagika. Sasa chukua kamba mbili za kichwani uzikutanishe juu kwenye pete moja, na mbili za miguuni vilevile. Susu sasa huinama kila linapopanda, jicho linakuambia ni baya zaidi, lakini bilauri imetulia na maji yamelingana na mdomo wake. Sababu ni kwamba sakafu ya susu inainama sawasawa na kamba, kwa hiyo kila kilicho ndani kinakandamizwa chini, hakisukumwi ubavuni. Kwenye kamba nne za wima mtoto husukumwa kulia, halafu kushoto, na lazima godoro limshike. Bilauri hiyo ninayo karakanani mpaka leo. Wazee wa mtaa huja kuitazama kama mchezo.

Pete mbili, si moja. Ukikutanisha kamba zote nne kwenye pete moja, mtoto akijisukuma kwa miguu kuelekea kichwani, upande wa kichwa unashuka. Kwa pete mbili, kichwa na miguu vinabaki kiwango kimoja hata akilala upande gani.

Kuinama ubavuni hakukwepeki kabisa, lakini hapa pia urefu unasaidia. Chukua susu la kilo 8 na mtoto wa kilo 5 aliyesogea sentimita 10 kutoka katikati. Uzito wote kwa pamoja unahama karibu sentimita 4. Kama pete iko mita moja juu, susu litainama digrii 2, hutaona. Kama iko sentimita 30 juu, litainama digrii 7, na mtoto atabingirika hadi pua iguse ubao. Susu la bibi wa Mkomani lilikuwa hivyo, na hilo ndilo linalonitia baridi kuliko kule kupepeta.

Chumvi nayo. Hapa Lamu kulabu ya chuma cha kawaida haimalizi misimu miwili ya kusi bila kuota kutu, na kutu hula pale usipoona, ndani ya uzi wa skrubu. Natumia shaba, au chuma kisichoshika kutu kikipatikana. Kamba ya makumbi inashika fundo vizuri lakini inasagika kwenye pete. Ya naironi haisagiki upesi lakini fundo lake huteleza, kwa hiyo nalifunga mara mbili na kuacha mkia mrefu. Na panka! Nimeingia nyumba mbili ambako walikuwa wamechagua boriti iliyo karibu na panka la darini. Haikuhitaji maelezo.

Walio kwenye nyumba mpya za zege, au chini ya mabati kule Mokowe, ng'ambo ya bara, tunarudi kwenye stendi, ila si ile fupi yangu. Naifanya ndefu, pete ziwe mita moja juu ya godoro, na miguu itanuke chini isipungue sentimita 90. Inakula nafasi, wateja wananung'unika.

Mbavu za ubavuni zisiachane zaidi ya sentimita 6. Kopo la soda likipita katikati yake, kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupita pia na kichwa kikakwama. Godoro liwe gumu na la bapa, mtoto alazwe chali, bila mto. Kuna wanaoniomba niinue upande wa kichwa "asicheue". Nakataa. Kichwa kikiinuliwa, kidevu huangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2022 vitanda vya watoto vyenye mwinuko wa zaidi ya digrii 10. Chandarua kining'inie kwenye kulabu yake, mbali na kamba za susu, kisimpanguse mtoto uso. Na kila susu langu lina kijiti cha kulifunga lisiyumbe: akishalala, linafungwa. Siku akianza kujiinua kwa mikono na magoti, mara nyingi karibu miezi mitano, susu linashushwa.

Bibi wa Mkomani nilimtengezea jingine, la kamba ndefu, kutoka boriti ya chumba chake mwenyewe. Nakshi za lile la kwanza nilizing'oa nikazihamishia, maana alizipenda.

Ukitaka kuagiza, nitumie kimo kimoja tu: kutoka chini ya boriti hadi sakafuni. Usipime ukutani, sakafu zetu za zamani hazijalingana. Funga ufunguo kwenye uzi, uteremshe kutoka kwenye boriti yenyewe, usubiri utulie.