Programu za kujifunza kwa hamu maktabani: ni nini hasa?

Programu ya kujifunza kwa hamu ni utaratibu ambao maktaba inampa kijana nafasi, watu na vifaa vya kuendeleza jambo analolipenda tayari, kisha inamsaidia kulifikisha mbali zaidi ya pale ambapo angefika peke yake. Muhtasari wa masomo ya skuli haumo. Mambo yanaanzia kwa kijana mwenyewe: mpira, mapishi, simu mbovu, mashairi, piko, chochote.

Wengi wanaichanganya na tuisheni. Msichana wa kidato cha pili anayekuja Maktaba Kuu ya Maisara, Unguja, kudurusu kwa ajili ya mtihani wa Baraza la Mitihani Zanzibar anaitumia maktaba vizuri tu, lakini hiyo siyo programu ya hamu. Mafunzo ya kompyuta ya wiki mbili, yenye cheti na mgeni rasmi siku ya kufunga, nayo hayawi programu ya hamu eti kwa sababu waliohudhuria ni vijana. Uliza tu: nani aliyechagua jambo la kufanya? Kama mfadhili au mkutubi alishalichagua kabla kijana hajaingia mlangoni, hiyo ni kozi. Kozi zina faida zake, ila ziitwe kozi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Mwaka 2009 maktaba kuu ya Chicago, Harold Washington Library Center, ilifungua ukumbi wa vijana wa sekondari uitwao YOUmedia kwa msaada wa taasisi ya ufadhili ya MacArthur Foundation. Kulikuwa na kompyuta, kamera na sehemu ya kurikodi muziki, na pamoja nazo walezi, baadhi yao wasanii, waliokuwepo kukaa na vijana na kuwaongoza. Ukumbi huo ulijengwa juu ya utafiti wa mwanaanthropolojia Mizuko Ito na wenzake kuhusu namna vijana wanavyotumia vyombo vya kidijitali. Waliona hali tatu. Ya kwanza ni kukaa tu na wenzio, kwa lugha yetu barazani: soga, utani, kuangaliana simu. Ya pili ni kuchokonoachokonoa kitu bila lengo kubwa. Ya tatu ni kuzama, mpaka mtu akawa anajulikana kwa jambo hilo. Kijana hupanda na kushuka baina ya hali hizi, na wengine hawafiki ya tatu kabisa.

Hapa ndipo maktaba nyingi zinapokwama. Tunawataka wanaozama, tunawafukuza wanaopiga soga. Lakini kijana aliyekuja kwa sababu ya intaneti ya bure, akakaa na wenzake akicheka, ndiye huyo huyo anayeweza kuanza kuchokonoa wiki ijayo. Kama ukimya ni lazima kwa wanaosoma, basi watengewe chumba au saa zao, na vijana nao wapewe zao.

Mwaka 2013 Ito na kundi la watafiti walitoa ripoti iliyopanua wazo hili. Kwa ufupi, walisema hamu peke yake haimfikishi kijana mbali. Inahitaji watu wa kumuunga mkono, na inahitaji kuunganishwa na masomo, kazi au shughuli za jamii. Chukua kijana anayechonga vingalawa vya kushindanisha ufukweni. Chake kinalala upande kila upepo ukizidi. Mkutubi asimkimbilie na kitabu cha fizikia. Amuulize: tanga umelikata kubwa kiasi gani? Mirengu, ile miti ya pembeni ya kuzuia kupinduka, umeifunga wapi? Nani mwengine anachonga mtaani kwenu? Akija na wenzake wawili, wapewe meza, beseni la maji na feni. Wajaribu tanga lile lile kwa mirengu mirefu, kisha mifupi, waandike daftarini kipi kilisimama na kipi kilipinduka. Sasa ukurasa wa kitabu unaoeleza kani na msawazo utasomwa, maana swali wanalo tayari. Wakitaka zaidi, mkutubi awe anajua kwamba kuna kituo cha mafunzo ya amali Mkokotoni, na Vitongoji kwa upande wa Pemba.

Kwetu Zanzibar kuna jambo moja ambalo mfano wa Chicago haulifikii. Ujuzi mwingi wa hapa haumo vitabuni. Uundaji wa majahazi uko kwa mafundi wa Nungwi; kilimo cha mwani kiko kwa kinamama wa Paje na Jambiani, ambao wanajua kamba ifungwe vipi na bahari ikipata joto mwani unakuwaje. Maktaba inayosubiri mpaka kitabu cha Kiswahili kiandikwe juu ya mambo hayo itasubiri sana. Vijana wamwalike fundi, wamrikodi kwa simu, waandike maelezo yake, na maktaba iyahifadhi pamoja na vitabu vyake.

Saa nazo si jambo dogo. Kuna skuli zinazosomesha kwa mikondo miwili, kuna chuoni kwa ajili ya Kurani, na wazazi wengi wanataka binti awe nyumbani kabla ya Magharibi. Programu ya saa kumi na moja jioni itajaa wavulana watupu, kisha mtu atasema wasichana hawana hamu. Jumamosi asubuhi inafaa zaidi, na Ramadhani ratiba ipangwe upya.

Kuhusu kupima matokeo, idadi ya waliosaini daftari mlangoni haisemi mengi. Afadhali kuandika nani alirudi, nani alimleta mwenzake, na nani sasa anamuonesha mwengine. Kijana aliyechonga mwezi mzima halafu akahamia kwenye kukata video asihesabiwe kuwa ameshindwa.

Maktaba isiyo na fungu kubwa, iwe ya Chake Chake au kachumba ka vitabu katika kituo cha walimu, inaweza kuanza na meza moja, saa mbili za wiki, na mfanyakazi ambaye saa hizo hana kazi nyengine ila kuwasikiliza vijana na kuwaunganisha na watu. Huyo mfanyakazi ndiye gharama yenyewe, na kwenye maombi ya fedha ndiye anayesahauliwa. Kompyuta huandikwa mwanzo.