Dakika 25 za Kamanda Ritchie kwenye mlango wa bandari ya Dar

Kila nikipanda feri pale Magogoni huwa natafuta nafasi upande unaotazama baharini, maana ndo hapo, kwenye hicho kichochoro cha maji, Mskochi mmoja alijeruhiwa mara nane tarehe 28 Novemba 1914 na boti yake bado ikatoka nje. Jina lake Henry Peel Ritchie, Kamanda wa Jeshi la Majini la Uingereza, alikuwa na miaka 38, na kwa kazi ya siku hiyo akapewa Msalaba wa Victoria, yaani VC, ambayo kwa Waingereza hakuna nishani ya ushujaa vitani inayoipita. Ukipanga kwa tarehe ya tukio lenyewe, hiyo ndo VC ya kwanza ya majini kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Na tukio ni Dar es Salaam, hapa hapa tunapopigania nafasi ya kusimama na baiskeli na matenga ya nyanya.

Mimi nimefanya kazi kwenye tagi, zile boti za kuvuta meli, miaka mingi, siku hizi nafundisha vijana wanaosomea ubaharia, na jioni nikirudi nyumbani ugonjwa wangu ni kusoma habari za nishani za wanamaji. Darasani nikiuliza nani anamjua Ritchie hamna mkono unaopanda. Wanamjua Nelson, yule admirali wa Kiingereza. Siwalaumu sana kwa kweli, ila nikiwaambia ilikuwa wapi wanakaa vizuri kwenye viti.

Turudi nyuma kidogo. Vita imeanza Agosti 1914, Dar ni mji wa Wajerumani, gavana wao Heinrich Schnee. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea inakuja inapiga mnara wa redio, Wajerumani kwa kuogopa bandari isiingiliwe wanazamisha chelezo yao ya kuelea, yaani gati la kutengenezea meli, pale mlangoni, halafu yanafanyika makubaliano kwamba mji usipigwe na meli za Kijerumani zilizomo ndani zitulie. Shida ni kwamba wakubwa London hawakuyakubali makubaliano hayo. Kuna na manowari ya Kijerumani, Königsberg, hiyo ilishatoka mapema na tarehe 20 Septemba ikaivizia Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar ikaizamisha, wanamaji zaidi ya 30 wakafa, makaburi yao mengi yapo kisiwa cha Chapwani mpaka leo. Baadae Königsberg ikajificha delta ya Rufiji, Waingereza wakaizingira huko. Na mwanzoni mwa Novemba Waingereza wakapata kipigo cha aibu Tanga. Kwahiyo kufikia mwisho wa mwezi ule wana hasira, na wana wasiwasi kwamba meli za Kijerumani zilizolala ndani ya bandari ya Dar zinaweza kutoka usiku kuipelekea Königsberg makaa na chakula.

Meli zenyewe kubwa zilikuwa König, Feldmarschall na Tabora, na hii Tabora ilikuwa inasemekana ni meli ya hospitali.

Ndo ikaja Goliath. Hii ni manowari kubwa hasa, tani kama 13,000, mizinga minne ya inchi 12, haiwezi hata kufikiria kuingia kwenye ule mlango, ikabaki nje pamoja na Fox, manowari ndogo iliyokuwa na Kapteni Caulfeild. Ritchie alikuwa afisa wa Goliath na akapewa kazi ya kuongoza msafara wa kuingia ndani, kupekua zile meli na kuharibu injini zake zisitembee. Miongoni mwa vyombo vyake ni tagi moja iliyoitwa Helmuth, na boti ndogo ya mvuke ya Goliath. Nchi kavu bendera nyeupe zinapepea.

Sasa hapa nataka nikae kidogo, maana watu wengi wakisimulia habari hii wanakimbilia risasi, na mimi naona uongozi wa huyu bwana ulishaonekana kabla hata risasi moja haijapigwa.

Wanaingia bandarini, kimya. Wanapanda Feldmarschall, wanapanda König, mafundi wanaweka baruti kwenye injini, hakuna anayewabughudhi. Daktari wao, Holtom, anabaki Tabora kuangalia kama kweli ni hospitali. Kazi inakwenda vizuri kupita kiasi, na ukiwa mtu wa bandari unajua bandari kimya mchana kweupe sio bandari. Ritchie akaanza kushtuka. Alichofanya akachukua matishari mawili ya chuma, zile mashua bapa za mizigo, yaliyokuwa humo ndani akayafunga kwenye boti yake, moja kulia moja kushoto, yawe ngao.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha chombo hili linaonekana jambo dogo. Mimi nimevuta matishari nusu ya maisha yangu, nikwambie. Boti ndogo ya mvuke ikifungwa tishari kila ubavu inakuwa nzito kama mtu aliyebeba magunia mawili anapita mlangoni, haigeuki unavyotaka, inakwenda polepole, na mlango wa Dar sio wa kunyooka, una kona, una mkondo, na siku zile kuna na chelezo iliyozamishwa. Yaani Ritchie aliamua kununua kinga kwa kulipa mwendo, akijua kabisa atakaa muda mrefu zaidi mbele ya bunduki kama zikilia. Ni hesabu ngumu, na aliifanya wakati bendera nyeupe bado zinapepea na wengine wangemwona muoga. Kwenye maelezo rasmi ya nishani yake neno tishari halimo.

Helmuth ikatangulia kutoka, ikapigwa. Halafu boti ya Ritchie nayo ikaingia mlangoni, hapo kukafunguka kila kitu, bunduki, bombom, na mizinga midogo, kutoka nchi kavu na umbali ni ule ule unaouona leo ukiwa kwenye feri, ukipiga kelele mtu wa ng'ambo anakusikia. Ile boti ilijaa matundu juu ya yale matishari. Ritchie akapigwa kichwani kwenye paji, akapigwa mkono, akapigwa tena mkono, anaendelea kutoa amri. Usukani ulipita mikono tofauti, huyu akianguka anashika mwingine, akiwemo msimamizi wa mabaharia Thomas Clark, na baharia wa kawaida kabisa George Upton. Jeraha la nane ndo likamzimisha Ritchie, akapoteza fahamu. Boti ikatoka.

Maelezo ya nishani, yaliyotoka kwenye gazeti rasmi la London tarehe 10 Aprili 1915, ni mafupi mno. Yanasema alijeruhiwa vibaya mara kadhaa lakini akaendelea na kazi na kuwapa wenzake moyo kwa mfano wake, mpaka jeraha la nane lilipomfanya apoteze fahamu, na kwamba kati ya jeraha la kwanza na la mwisho zilipita dakika 20 mpaka 25. Basi, hiyo ndo sababu ya VC.

Vijana wangu huwa wanasema "kumbe alipewa kwa sababu ya kuumia sana". Hapana. Sheria ya hii nishani iliyotiwa saini na Malkia Victoria tarehe 29 Januari 1856 inasema waziwazi kwamba cheo hakiangaliwi, muda wa kazi hauangaliwi, na majeraha pia hayaangaliwi, kinachoangaliwa ni ushujaa peke yake. (Ritchie mwenyewe alizaliwa Edinburgh tarehe 29 Januari 1876, miaka 20 kamili baada ya hiyo saini, mambo haya bwana.) Sasa kama majeraha hayahesabiwi mbona yamehesabiwa mpaka nane? Mimi ninavyosoma, majeraha pale yametumika kama saa. Aliyeandika alitaka ujue kwamba huu haukuwa ujasiri wa kufumba na kufumbua, wa mtu kuruka mbele kwa hasira. Ni dakika 25, na kila dakika tatu hivi mwili unamwambia lala chini sasa imetosha, na yeye analazimika kuamua upya. Kijana akiwa usukani anaangalia uso wa mkubwa wake, ule uso ukibadilika na mikono ya kijana inabadilika, na kwenye mlango ule mkono ukitetereka mara moja tu umepanda mchanga na mko wote kwenye shabaha.

Nishani nyingine za siku hiyo nazo zina hadithi yake. Luteni Corson alipata DSO, hiyo ni ya maafisa tu. Clark hakuwa afisa kwahiyo yeye CGM, ambayo ndo ya mabaharia wa ngazi za chini kwa ushujaa mkubwa, na Upton akapata DSM, nayo ya mabaharia ila chini ya CGM, iliyokuwa imeanzishwa mwezi mmoja tu kabla. Unaona ngazi ilivyopangwa? VC peke yake ndo ilikuwa haina mlango wa afisa na mlango wa baharia, na bado ikaenda kwa Kamanda. Darasani huwa tunagombana hapa. Kuna binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, aliyekuwa ameshika usukani ana nini pungufu na aliyekuwa anatoa amri?" Nilimjibu kwamba nishani haishuki toka mbinguni, lazima mtu aone, aandike, na apeleke kwa mkubwa anayejua njia, na mara zote jina la kiongozi ndo linakaa juu ya karatasi. Hakuridhika na mimi pia sikuridhika na jibu langu. Nawafahamu mabaharia wengi walioshika usukani usiku wa hatari na kwenye ripoti ya safari hawamo hata kwa mstari.

Kuhusu zile bendera nyeupe, nisiwadanganye, pande mbili ziligombana. Waingereza wakasema tumepigwa chini ya bendera ya amani, huo ni usaliti. Wajerumani wakasema ukaguzi ni kitu kimoja na kuvunja injini za meli ni kitu kingine, na makubaliano yenyewe ninyi ndo mlishayakana. Mimi nikipima naona Caulfeild aliyekuwa nje na wakubwa wake walipeleka watu ndani kwa mategemeo makubwa mno, na Ritchie naye kwa kutaka kumaliza kazi yote alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyofaa baada ya kuingiwa na shaka. Walioachwa nyuma walilipa, Holtom yule daktari alikamatwa akakaa mateka karibu miaka miwili. Ushujaa wa mlangoni haufuti hilo, na kufunga matishari hakufuti, vyote vilikuwa kichwani mwa mtu mmoja mchana mmoja.

Mji nao ulilipa. Goliath ilipiga kwa ile mizinga ya inchi 12 siku hiyo, na tarehe 30 zikarudia, yeye na Fox, nyumba ya gavana pale ufukweni ikabomoka. Schnee mwenyewe hakuwemo, alishahamia Morogoro tangu Agosti. Ikulu unayoiona leo ukiwa kwenye feri, yenye yale matao meupe, Waingereza waliijenga 1922 hapo hapo kwenye magofu. Wananchi wa kawaida waliokuwa mjini siku ile sijaona nishani yao, ila kuna ile sanamu ya Askari pale Posta ya 1927, bayoneti inaelekea bandarini, na maandishi yake yanawataja wapagazi kwamba ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Ritchie alitibiwa, akarudishwa Uingereza, na hakurudi tena Goliath. Na ndo ikawa pona yake. Usiku wa tarehe 13 Mei 1915 kule Dardanelles, mlango wa bahari wa Uturuki, meli ya Kituruki Muavenet-i Milliye iliijia Goliath gizani ikaipiga torpido, wakafa watu kama 570, wengi wao wale wale aliokula nao. Mwaka 1917 akastaafu kwa sababu ya majeraha, akiwa na cheo cha Kapteni, utepe wake wa VC ukiwa wa bluu, maana kwa wanamaji ulikuwa bluu mpaka 1918 ndo wote wakawekwa kwenye mwekundu. Alifia Edinburgh Desemba 1958.

Kuna watu watasema VC ya kwanza ya majini ni ya Norman Holbrook wa nyambizi B11. Yake ilitangazwa kwanza ndio, Desemba 1914, ila alichofanya alikifanya tarehe 13 Desemba, wiki mbili baada ya Dar. Swali hili naulizwa kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anabisha, kwahiyo mwaka huu nimeamua niwapeleke wabishi wote kwenye feri, tusimame upande wa baharini, nikiwa na saa mkononi, tuone dakika 25 ni ndefu kiasi gani. Feri yenyewe ikiwa nzima inavuka kwa dakika chache tu, itabidi twende na kurudi.