Kipimo cha neostigimini ni nini, na kwa nini atropini haikosi kuwepo

Kipimo cha neostigimini ni sindano ya dawa hiyo anayopigwa mtu anayeshukiwa kuwa na miasthenia gravisi, ugonjwa unaofanya misuli ichoke upesi kupita kiasi. Kope hudondoka, macho huona viwili viwili, sauti hugeuka ya puani, chakula hukwama kooni. Asubuhi ana nafuu, jioni taabu. Ni rahisi kudhani ni kiharusi, ila kiharusi hakiji na kuondoka kwa kadiri mtu anavyochoka na kupumzika.

Neva huamrisha msuli kwa kemikali iitwayo asetikolini. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya kemikali hiyo, amri ikafika kwa unyonge. Neostigimini huzuia kimeng'enya kinachoivunja asetikolini, basi inaongezeka na msuli unapata nguvu kwa muda. Tatizo ni kwamba haiongezeki kwenye kope peke yake. Hupunguza mapigo ya moyo, huleta mate na makohozi mengi, hubana njia za hewa, husokota tumbo. Atropini, dawa inayotolewa pamoja nayo, huzuia madhara hayo bila kuondoa nguvu iliyopatikana kwenye msuli.

Vitabu vya zamani hutaja dawa nyingine ya kipimo, edrofoniamu, inayofanya kazi ndani ya dakika moja na kuisha upesi, lakini siku hizi ni adimu. Neostigimini iko karibu zaidi: iwe Bombo au hospitali nyingine ya Tanga yenye thieta (chumba cha upasuaji), waulize wataalamu wa usingizi, maana wao huitumia kuondoa nguvu ya dawa za kulegeza misuli baada ya upasuaji.

Mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 1.5 kwenye msuli, pamoja na atropini miligramu 0.6, mtoto hupigiwa hesabu kwa uzito. Hapa ndipo makosa hutokea. Kuna ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) za neostigimini zenye miligramu 0.5 kwa mililita na nyingine zenye 2.5. Kwa ile ya kwanza unavuta mililita 3, kwa ya pili mililita 0.6 tu. Ukivuta mililita 3 kutoka ampuli kali, umempa mgonjwa miligramu 7.5, mara tano ya dozi! Tena atropini ya miligramu 1 kwa mililita nayo huvutwa mililita 0.6, kwa hiyo unabaki na mabomba mawili ya sindano yenye maji yanayofanana kabisa. Yaandikwe majina kabla hayajawekwa kwenye trei.

Kabla ya sindano, uliza kuhusu pumu, moyo unaopiga taratibu au usio na mpangilio, utumbo au njia ya mkojo iliyoziba. Utumbo ukiwa umeziba, au mkojo, kipimo hakifanywi. Mwenye pumu au shida ya moyo ni heri apimwe kwa njia nyingine. Mfuko wa kupumulia, oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi na atropini ya akiba viwe kando ya kitanda, si kabatini.

Kisha pima kitu kinachoonekana. Mwambie aangalie juu kwa dakika moja, pima kwa rula uwazi wa jicho. Ahesabu kwa pumzi moja uone anafika wapi. Bila vipimo hivyo vya mwanzo, "naona kama ana nafuu" haina maana. Rudia kila baada ya dakika 10 hadi 15. Nafuu huonekana zaidi kati ya dakika 15 na 30 na yaweza kudumu saa kadhaa. Muda wote huo hesabu mapigo ya moyo. Yakishuka sana, au mate yakafurika na pumzi ikabana, ongeza atropini na saidia kupumua.

Kwa kope iliyodondoka tu, anza na barafu. Tanga, mji wa samaki, haikosekani: itie kwenye glavu safi, ifunge kitambaa, iweke juu ya kope iliyofumbwa dakika 2. Kope ikipanda milimita 2 au zaidi, shaka ya miasthenia imeongezeka bila sindano yoyote.

Sindano ikikosa kuleta nafuu, ugonjwa haujafutwa, na ikileta nafuu ndogo, haujathibitishwa. Jibu hukamilishwa kwa damu kupimwa kingamwili na kwa kipimo cha umeme wa misuli. Ugonjwa ukithibitika, picha ya kifua hupigwa kutazama tezi ya thaimasi, kwani baadhi ya wagonjwa huwa na uvimbe hapo.