PUK si ya simu, ni ya laini

"Simu yangu imejifunga, inataka PUK." Kauli hii naisikia karibu kila penye simu mpya, hasa hizi ndogo za vitufe tunazowanunulia wazazi: kitochi kwa wengine, kiswaswadu kwa wengine, na kwa jirani zetu wa Kenya mulika mwizi. Mara nyingi anayeitamka ameshapita kwa fundi, na fundi ameshamwambia simu lazima iflashiwe, yaani kumbukumbu yake isafishwe. Naomba tuelewane hapa, kwa sababu watu wanapoteza hela na namba za ndugu zao kwa jambo hili. Simu haina PUK na haiwezi kuitaka. Iliyojifunga ni laini.

Maana zenyewe ni fupi. PIN ni namba ya siri unayoweka ili kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenye kitu. PUK ni namba ya tarakimu nane inayoifungua PIN ya laini ikishakosewa mara tatu mfululizo. Kinachobaki, na ndicho kinachosumbua, ni swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: PIN ya nini? Simu ndogo yenye laini moja tu iliyounganishwa na huduma ya pesa inaweza kuwa na namba za siri za aina tatu. Kuna ya laini, kuna ya simu yenyewe, na kuna ya M-Pesa, Airtel Money au huduma nyingine unayotumia. Zote tunaziita PIN, au paswedi, au namba ya siri, bila kubagua, kisha tunashangaa zinapogoma.

Jina la PIN lilitoka benki. Mwaka 1966 mhandisi wa Uskoti, James Goodfellow, alisajili hataza ya mfumo wa kadi na namba ya siri kwa ajili ya mashine ya kutolea fedha. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilizindua mashine ya John Shepherd-Barron huko Enfield, London. Shepherd-Barron alisimulia baadaye kwamba yeye alitaka tarakimu sita, kwa kuwa namba yake ya jeshini ilikuwa ya tarakimu sita na aliikumbuka vizuri. Mkewe, Caroline, akamwambia kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne. Ndiyo maana leo mama yako kijijini anabonyeza tarakimu nne anapotoa hela kwa wakala. Ila tangu siku ile namba ililinda kitu kimoja kinachojulikana, yaani fedha za mtu fulani katika benki fulani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ni PIN ya nini.

Haja hiyo ilikuja na simu. Simu za mkononi za mwanzo hazikuwa na laini ya kuchomoa. Namba ya mteja iliingizwa ndani ya simu yenyewe, na ukibadilisha simu ilibidi urudi kwa kampuni. Wahandisi wa Ulaya waliobuni GSM, mfumo wa mawasiliano ya simu za mkononi, wakaamua kumtenganisha mteja na chombo. Mteja akawekwa kwenye kadi yenye chipu, chombo kikabaki chombo. Mwaka 1991 kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich ilitengeneza kadi za SIM za kwanza, yaani laini hizi tunazozijua, zikauzwa 300 kwa kampuni ya Radiolinja ya Ufini, ambako mtandao wa GSM ulianza kazi mwaka huohuo. Kadi zile zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, na mtu aliiingiza nzima kwenye simu.

Umbo lile bado tunaliona. Ukinunua laini leo, unapewa kadi ya plastiki yenye ukubwa uleule wa kadi ya benki, na laini yenyewe unaibandua katikati. Kadi inayobaki wengi wetu tunaiacha palepale juu ya kaunta. Itazame kabla hujaiacha. Kwa kawaida PIN ya mwanzo na PUK zimeandikwa humo, wakati mwingine chini ya utepe wa kukwangua. Pana pia namba ndefu ya tarakimu 19 au 20 inayoanza na 89255 kwa laini za Tanzania, au 89254 kwa za Kenya. Hiyo ni namba ya kadi, si PUK, na wapo wanaoibonyeza wakidhani ndiyo.

Sasa nije kwenye tofauti yenyewe, nayo ni hii: kila PIN inahakikiwa mahali pake.

PIN ya laini inahakikiwa na laini. Ile chipu ndogo ya rangi ya dhahabu ni kompyuta kwa udogo wake, ina kumbukumbu yake na programu yake. PIN imehifadhiwa mle ndani. Ukibonyeza tarakimu, simu inazipeleka tu kwenye laini, laini inazilinganisha na ilizonazo, kisha simu inakuonyesha jibu. Kampuni ya simu haihusiki kabisa hapo. Hata ukiwa porini pasipo na mtandao, laini itakukubali au kukukataa vilevile. Na hesabu ya makosa inakaa humohumo. Ukikosea mara mbili kwenye simu hii, ukaichomoa laini na kuiweka kwenye simu ya jirani, utakuta umebakiwa na jaribio lilelile moja. Kuzima simu hakusaidii. Kutoa betri na kuipulizia hakusaidii. Ukikosea mara ya tatu, laini inajifunga na kuanza kudai PUK, na itaendelea kuidai katika kila simu utakayoiweka.

Ndiyo maana kumpelekea fundi simu aiflashi ni hasara tupu. Kuflashi kunasafisha kumbukumbu ya simu. Majina yaliyohifadhiwa kwenye simu yanafutika, ujumbe unafutika, unalipa, unarudisha laini yako, na kioo kinakuandikia kilekile: weka PUK. Fundi mwaminifu ataanza kwa kuweka laini nyingine kwenye simu yako. Ikiwaka na kupiga, simu ni nzima, na kazi yake imeishia hapo.

PUK nayo ina mipaka. Unapewa nafasi kumi. Zikiisha zote, laini inakufa moja kwa moja na hakuna fundi wala kampuni itakayoifufua. Namba yako ya simu haipotei, kwa sababu kumbukumbu ya kwamba namba hiyo ni yako iko kwenye mitambo ya kampuni. Utaenda dukani kwao na kitambulisho, utahakikiwa, na utapewa laini mpya yenye namba ileile. Yanayopotea ni majina uliyokuwa umeyahifadhi kwenye laini ya zamani. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ujaribu jaribu tu, ipo siku itaotea. Tarakimu nane haziotewi kwa nafasi kumi.

Ukishaipata PUK kamili, simu nyingi zitakuomba uiandike, kisha uandike PIN mpya mara mbili. Zisipokuomba, andika **05* ikifuatiwa na PUK, nyota, PIN mpya, nyota, PIN mpya tena, halafu alama ya reli (#). Namna hii imo kwenye kanuni za GSM, kwa hiyo kitochi nacho huielewa.

PIN ya pesa ni jambo jingine kabisa. Hiyo haikai kwenye laini wala kwenye simu. Unapoingia *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, au *334# kwa ya Kenya, ukabonyeza namba yako ya siri, inasafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni na kuhakikiwa huko. Bila mtandao haihakikiwi. Ukiikosea mpaka ikafungwa, laini haiwi na neno: utapiga simu, utapokea, utatuma ujumbe kama kawaida, ila hela hutaigusa mpaka uwasiliane na huduma kwa wateja. PUK haiwezi kukusaidia hapo hata ukiwa nayo mkononi. Na ukipewa laini mpya kwa sababu ya zamani imekufa, salio lako la pesa unalikuta, maana halikuwahi kukaa kwenye laini.

Namba ya siri ya simu, ile inayozuia mtu kuifungua na kusoma ujumbe wako, iko kwenye simu. Nokia nyingi za zamani zilitoka kiwandani na 12345. Hii ndiyo pekee katika tatu ambayo fundi ana la kuifanyia, na kwa namba hii kuflashi kuna maana. PIN2 na PUK2 utakazoziona kwenye menyu au kwenye ile kadi achana nazo; ni za kazi chache maalumu ambazo watu wengi hawazigusi maisha yao yote.

Mkanganyiko mkubwa zaidi hutokea kwenye simu za laini mbili, na hizi ndogo nyingi sasa ni za laini mbili. Niliwahi kusimama kwenye kibanda cha simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, mzee mmoja akiwa na kitochi kipya. Kijana wa kibanda alimwamkia, akaweka laini zote mbili, akawasha. Kioo kikaomba PIN.

"Mzee, namba yako ya siri unaikumbuka?"

"Naikumbuka vizuri, mwanangu." Akabonyeza. Ikakataa. Akabonyeza tena, taratibu, huku akizitamka tarakimu kwa sauti mbele ya foleni nzima. Ikakataa.

Alikuwa akibonyeza PIN ya pesa. Na juu kabisa ya kioo, kwa maandishi madogo ambayo macho ya mzee yasingeweza kuyasoma, palikuwa pameandikwa kwamba inayoombwa ni ya laini ya pili. Kijana alikuwa anahudumia mteja mwingine. Ya tatu ikaenda, PUK ikaja, na mzee akarudishiwa simu kwa maneno kwamba "imejifunga". Tazama hasara iliyopatikana pale kwa dakika moja: laini imefungwa, na PIN ya pesa ya mzee wa watu imesikiwa na kila aliyekuwa kwenye foleni. Swali moja tu la kijana, "Ya laini au ya pesa, mzee?", lingeyaepusha yote mawili.

Tofauti hii pia ndiyo inayomkinga mtu na matapeli. PUK kampuni inaijua, kwa sababu ndiyo iliyoitoa, na wewe huwezi kuibadilisha. Ukiipoteza unapiga huduma kwa wateja kwa simu nyingine, unajibu maswali kuhusu majina na kitambulisho, unasomewa. PIN ya pesa uliichagua wewe, na mhudumu wa kweli hana sababu yoyote ya kuiomba. Kwa hiyo anayekupigia akasema "nipe PIN yako nikufungulie laini" amechanganya vitu viwili ambavyo mfanyakazi wa kampuni hawezi kuvichanganya. Kata simu.

Na kwa kuwa utahakikiwa kabla ya kupewa PUK, angalia laini imesajiliwa kwa jina la nani. Tanzania usajili wa alama za vidole ulianza mwaka 2019, wakati watu wengi hawajapata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na bibi kadhaa walisajiliwa laini kwa vidole vya wajukuu. Mjukuu yuko Mwanza, bibi yuko Mbinga, na laini inadai PUK. Siku unayomkabidhi simu, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama yake haimo, rekebisha mapema.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuizima PIN ya laini, kwa kuwa laini nyingi za malipo ya kabla huja ikiwa imezimwa na watu wanaishi vizuri tu. Kwa mzazi mwenye kumbukumbu hafifu sibishi. Ila jua unachokiacha. Mwizi akiiba kitochi hana shida na namba ya siri ya simu. Anachomoa laini na kuiweka kwenye simu yake, na kuanzia hapo anapokea simu zako na ujumbe wako, pamoja na ujumbe wenye namba za uthibitisho. Kinachomzuia ni PIN ya laini peke yake. Ukiamua kuiwasha, ibadilishe isiwe ile ya kiwandani, na isifanane na ya pesa. Ile kadi yenye PUK ihifadhi nyumbani pamoja na vyeti, usiikunje nyuma ya betri ya simu hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeuza au kumwekea mtu simu, usimwambie mteja "weka PIN". Mwambie "weka PIN ya laini ya kwanza", au "hii sasa ni ya M-Pesa, ngoja nigeuke". Nawe mteja, ukiombwa PIN na ukawa huna uhakika, usibonyeze kwanza. Uliza ni ya nini.