Ufa kwenye sarafu ya kale si lazima uwe utajiri

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: ukipata nusu dola ya fedha ya Marekani ya kati ya 1807 na 1836, yenye nyota iliyokaa upande au mstari wa ufa, umeokota mamilioni. Sivyo.

Enzi hizo chapa za chuma za kupigia sarafu zilimaliziwa kwa mkono. Nyota na tarakimu ziligongwa moja moja, hivyo tofauti ni jambo la kawaida. Wakusanyaji wameorodhesha aina zaidi ya 400, na nyingi si adimu. Hoja ni sarafu ngapi zimesalia kutoka jozi ileile ya chapa, yaani ya mbele na ya nyuma.

Chukua lenzi. Chapa ikipasuka, fedha hujaa kwenye ufa, kwa hiyo mstari huinuka juu ya sarafu. Uliozama ni mkwaruzo tu. Kisha ipime uone kama ni halisi: gramu 13.48 hivi, pungufu kidogo ikichakaa, wala sumaku haiivuti.

Mkanganyiko unaeleweka: kwa sarafu za mashine za leo, kasoro kweli huwa nadra. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.